Sabuni Iliyokataa Kuganda

Kila alasiri Lubna alimpelekea chai ami yake, Waddah, katika kiwanda cha sabuni cha mji wa kale wa Nablus. Wiki hiyo alikuwa akiiacha mlangoni na kutimua mbio. Siku ya Alhamisi kulikuwa na maonyesho ya sayansi, na yeye na rafiki yake Dima walikuwa wamejigamba mbele ya darasa zima kwamba watatengeneza sabuni ya zeituni kwa majivu ya mimea, kama walivyofanya watu wa zamani.

Walichemsha maji ya majivu na mafuta mpaka mikono ikachoka kukoroga. Mafuta yakabaki yanaelea tu.

"Huu mchuzi, si sabuni!" Ghassan, binamu yake Lubna, aliangua kicheko. "Leteni mkate tuchovye!"

Alipoondoka, Dima alinong'ona, "Tununue vipande viwili sokoni, tukwangue mihuri ya kiwanda. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Lubna alijibu, ingawa moyo wake ulitamani kukubali. Asubuhi, Dima akimfuata nyuma, alibeba sufuria hadi kwa Mwalimu Intisar, mwalimu wao wa sayansi, akamweleza yote, hata wazo la sabuni ya sokoni, uso umemshuka.

Mwalimu hakuwakaripia. "Majivu yenu ni dhaifu, hayawezi kuyavunja mafuta. Mafundi wa sabuni huyachanganya na nini kwanza?"

Lubna alifikiri. Ami Waddah hurudi nyumbani nyusi nyeupe pe, na mkewe hulalamika kila siku kuhusu vumbi lile.

"Chokaa!" alipiga kelele.

Mwalimu alivaa glavu na miwani, akawaambia wasimame mbali. Alipotia chokaa majini, maji yalichemka bila moto.

"Yamewaka!" Dima aliruka nyuma.

"Hayajawaka. Chokaa na maji vimeungana, joto likatoka," alisema Mwalimu. Kisha akatia maji ya majivu. "Sasa chokaa na majivu vinabadilishana sehemu zao. Huo unga mweupe unaotuama chini ni chaki. Maji yaliyobaki juu ni makali, yanaunguza ngozi."

Mwalimu aliyachuja na kuyamimina kwenye mafuta mapya. Safari hii maji makali yaliyavunja mafuta, na mchanganyiko ukawa mzito kama uji. Waliupika, wakikoroga kwa zamu, mpaka Mwalimu alipoupima na kuridhika kwamba hauunguzi tena. Kisha wakaumwaga kwenye sinia, na ulipoganda wakaukata vipande.

Alhamisi, Ghassan alifika mezani kwao anatafuna kunafa, keki tamu ya jibini, samli inamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mchuzi wenu uko wapi?"

"Ule pale. Na wewe nawa," Lubna alimsukumia beseni na kipande cha sabuni.

Povu likafurika mikononi mwake. "Wallahi, samli inatoka!" alisema, naye akanawa tena bila kulazimishwa.

Jaji wa maonyesho aliinama juu ya sufuria ya mafuta. "Na hii mliyoshindwa, mmeileta ya nini?"

Lubna alimweleza yote: majivu peke yake, kisha chokaa, kisha mafuta. Hakukwama hata mara moja. Majina yao yalipotangazwa kuwa ya kwanza, yeye na Dima walirukaruka mpaka beseni likapinduka.

Mwalimu Intisar aliwakumbatia wote wawili, wakiwa wamelowa. "Sabuni ya sokoni ingewapa povu," alisema, "lakini jaji angewauliza swali moja tu, mngebaki midomo wazi. Mlikubali kwamba mmeshindwa, mkatafuta sababu, mkaanza upya. Ndiyo maana leo mnajua, na mnachokijua ni chenu."

Dima alitazama chini, kisha akachukua kitambaa na kuanza kufuta sakafu.