Meno ya Upande Mmoja

Jua lilishaanza kufunga virago Jogoo alipoingia dukani kwa fundi mashine kuchagua msumeno wa injini, chenso kwa lugha ya wakata miti. Jina la Jogoo alijipa mwenyewe. Mtu asiyesifiwa na wenzake afanyeje?

Kazi ilikuwa moja. Nyuma ya nyumba ya mama yake mkubwa, aliyemlea tangu ananyonya kidole, mti mkubwa ulikuwa umeinamia chumba cha kulala. Mizizi imeanza kung'oka. Uangushwe kabla haujajiangusha, kisha ukatwe kuni. Jogoo alishautangazia mtaa mzima kwamba ataumaliza peke yake.

Fundi alimwonesha chenso tatu. Ile ndogo, Jogoo akasema ni ya kunyolea ndevu. Ile kubwa, fundi akamwambia itamtembeza yeye badala ya yeye kuitembeza. Ya kati ndiyo ilikuwa saizi yake: bapa la inchi kumi na nane linalobeba mnyororo wa meno, inaangusha mti wa maana, na bado unakata nayo kuni kutwa nzima mikono isitetemeke. Ilikuwa imetumika, lakini injini iliitika kwa mvuto wa pili.

"Chukua," fundi akasema. "Ila nakufungia mnyororo mpya. Huu ni wa marehemu."

Akaeleza kwamba kila mkata miti hunoa mnyororo wake kwa tupa yake. Akifa, chenso hurithiwa. Mnyororo hutupwa.

Jogoo alipitisha jino moja juu ya mkono wake. Vinyweleo vikaondoka kama kwa kinyozi. Akacheka, akaukataa mnyororo mpya. Chuma hakina matanga, akasema, wala yeye si mtoto wa kutishiwa na popo.

Fundi hakucheka. Alisogea karibu, akanong'ona, "Alikuwa wa mkono wa kushoto, huyo. Utamjua."

Nyumbani mwanga ulikuwa bado upo kidogo. Jogoo akaijaribu kwenye gogo nyuma ya nyumba. Mkato ukaenda umepinda kama mkia wa mbwa. Sababu aliijua: meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, chenso huvuta huko. Akakaa kwenye gogo, akatoa tupa, akanoa jino kwa jino mpaka yote yakalingana. Akaingia ndani kunywa maji.

Kri... kri... kri...

Akashusha kikombe. Tupa juu ya chuma. Polepole. Kwa mkono uliozoea.

Akatoka. Hakuna mtu. Palikuwa na harufu ya mti mbichi, ilhali gogo lile lilikuwa kavu mwaka mzima. Akagusa mnyororo.

Ulikuwa wa moto.

Na meno yalikuwa marefu tena, upande uleule.

Mwenye akili hapo angerudi dukani. Jogoo alinoa upya, akaifungia chenso kwenye sanduku, akalala na ufunguo mkononi. Angemwambia nani? Jogoo mzima akimbilie mbawa za mama?

Asubuhi aliyapima meno. Yalilingana. Akafunga kamba upande wa shamba, ambako mti ulitakiwa uangukie. Mama mkubwa, ambaye miguu ilimsumbua, aliuliza kama atoke nje. Jogoo akamjibu kwa madaha, "Kunywa chai yako, Mama. Hata kikombe hakitatikisika."

Akawasha. Unga wa mti ukaruka. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha chenso ikaanza kuvuta... Akaikaza. Ikavuta. Mkato ulipinda, ukala ile sehemu anayoiacha mkata miti ili ishike mti usigeuke.

Mti ukageuka.

Bati lilipiga kelele moja tu. Chumba kikalala chini. Jogoo akaitupa chenso, akayavamia mabati kwa mikono, huku akilia.

"Mbona unalia?"

Mama mkubwa alikuwa nyuma yake, kashika fimbo, kikombe cha chai mkono wa pili.

"Si mwenzako alinigongea dirishani," akasema. "Akaniambia, mama toka, safari hii toka."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule uliyekuwa umekaa naye jana kwenye gogo. Anayenoa kwa mkono wa kushoto."

Siku ileile Jogoo alirudisha chenso na mnyororo wake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo moja tu: marehemu naye aliangusha mti juu ya nyumba ya mama yake. Ila yeye alichelewa kumtoa mama huyo. Kama anataka kuokoa au anataka kurudia, fundi hakujua.

Jioni mama mkubwa, ambaye sasa analala sebuleni, alimwambia Jogoo amkaribishe mwenzake ndani, asikae kwenye umande.

Kri... kri...

Kulikuwa kumebaki shoka tu pale nje. Asubuhi alilikuta limenolewa vizuri sana.

Upande mmoja.