Mama Mkwe na Ufunguo wa Pikapu

Siku ya soko, barabara iliyopita mbele ya gereji ya Fundi haikuwa na utulivu. Tangu asubuhi watu walishuka nayo kwenda sokoni na kuku, ndoo na mikokoteni. Wengine waliingia gerejini kujaza upepo kwenye matairi, wengine kupiga soga tu.

Kuingia kulikuwa rahisi. Gereji ilikuwa uani kwa Fundi, na upande wa barabara haikuwa na uzio wala geti. Funguo za magari zilitundikwa kwenye misumari mlangoni pa stoo. Mke wa Fundi, ambaye ni mshonaji, alikuwa amefunga kila ufunguo kwa kitambaa cha rangi yake. Funguo zilipendeza, na kila aliyepita barabarani aliziona.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa chini ya pikapu nyeupe ya Mzee wa Maziwa. Mpira mmoja wa breki ulikuwa umepasuka. Aliufungua, na mafuta yote ya breki yakamwagikia kwenye kopo. Akajifuta mikono, akapanda baiskeli.

"Mama watoto, nakwenda duka la vipuri kutafuta mpira mwingine," alisema.

"Usikawie," mkewe alijibu kutoka chumbani. Cherehani yake ilikuwa inakimbia, hata sauti yake mwenyewe aliisikia kwa shida.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alibaki mama mkwe wa Fundi, akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekuja kuwatembelea.

Haukupita muda mrefu, akaingia kijana aliyevaa shati safi lililopigwa pasi. Alivua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Nimetumwa na Mzee wa Maziwa. Mimi ni mkwe wake, kama Fundi alivyo kwako. Anasema pikapu yake iko tayari, niichukue haraka. Maziwa yako juani."

Mama mkwe akafurahi. Vijana wenye adabu kama huyu wamekuwa adimu, aliwaza. Tena alimtaja mwenye gari, na alijua kwamba Fundi ni mkwe wake. Angetaka nini zaidi?

"Ufunguo ni upi?" aliuliza.

"Ule wa kitambaa cha kijani, mama."

Mama mkwe akaweka ungo chini, akautoa ufunguo msumarini, akampa kwa mikono miwili. Pikapu ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikawaka. Kijana akapunga mkono na kuondoka.

Vumbi lilikuwa bado linaelea Fundi aliporudi kwa njia ya upande wa pili, mpira mpya wa breki mkononi. Alitazama mahali pikapu ilipokuwa. Palikuwa na kopo la mafuta tu.

"Mama, pikapu iko wapi?"

"Mkwe wa Mzee wa Maziwa ameichukua sasa hivi. Kijana ana heshima yule."

"Mzee wa Maziwa ana watoto wa kiume watupu, na hakuna aliyeoa. Hana mkwe. Na gari lile, mama, halina breki."

Cherehani ikanyamaza. Mke wa Fundi alitoka na futi yake ya kupimia shingoni. Wote watatu wakatazama barabara. Baada ya kipande kifupi cha tambarare, barabara iliteremka moja kwa moja hadi sokoni. Na soko lilikuwa limefurika.

Fundi hakungoja. Alirudi juu ya baiskeli na kuteremka kama jiwe. Mkewe akachukua simu, akampigia Komeo.

Komeo alikuwa mlinzi wa ghala la mazao, pale chini kabla ya soko. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alifunga kila kitu. Walimtania kwamba hata mdomo wake huufunga kwa kufuli akilala.

"Komeo, pikapu nyeupe inateremka kwako. Imeibwa na haina breki. Ondoa watu barabarani."

Komeo hakuuliza swali hata moja. Alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba. "Tokeni njiani. Mama wa nyanya, acha nyanya, beba mtoto. Wewe wa mkokoteni, uache hapo hapo." Watu wakatawanyika. Mbuzi wakakimbilia dukani kwa kinyozi.

Pikapu ikatokea ikipiga honi mfululizo. Mwizi ndiye aliyekuwa anapiga honi, macho yamemtoka. Kando ya ghala palikuwa na lundo kubwa la mchanga wa kujengea ukuta. Komeo akasimama mbali kidogo na barabara na kumwonyesha lundo kwa mikono yote miwili. Kijana akakata usukani. Pikapu ikajichimbia mchangani hadi kwenye taa, ikatulia.

Fundi akafika anahema. Mlango wa pikapu ukafunguka. Kijana alishuka, mchanga nyweleni, akamwona Fundi na ovaroli lake.

"Wewe ni fundi gani," alisema huku anajikung'uta mchanga, "unaacha gari la watu bila breki?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha baadhi yao wakaacha kucheka, wakaanza kuokota fimbo. Komeo akajiweka mbele ya kijana.

"Hakuna atakayemgusa. Nimeshawapigia polisi. Mkimpiga, kesi itageuka kuwa yenu. Akae hapa hapa kwenye mchanga."

Akakaa, mpaka polisi wakaja na kumchukua.

Mchana ule Komeo alifika gerejini. Alimkuta Fundi ameketi juu ya tairi. Ndani, mama mkwe alikuwa anafunga mzigo wake.

"Narudi kwangu," alisema. "Nimemtia mkwe wangu hasara na aibu. Yeye hawezi kunigombeza, basi nijigombeze mwenyewe."

Fundi akasimama. Hakuwahi kumzuia mkwe wake njia, lakini siku hiyo alisimama mlangoni. "Mama, ni nani aliyekwambia kwamba gari la mtu halitolewi bila mimi?"

"Hakuna."

"Basi kosa ni langu."

"Ni lako kweli," Komeo alisema, akivuta kigoda. "Mwizi hakuvunja kitu. Alikuta funguo zinang'aa kama shanga za bibi harusi. Polisi wameniambia alifika hapa jana, akajifanya anauliza bei ya tairi. Akamsikiliza Mzee wa Maziwa anavyoongea kwa sauti, akaona ufunguo wake ukitundikwa, akamsikia mama akiitwa mkwe. Habari zote mlimpa ninyi."

"Tufanye nini sasa?" mke wa Fundi aliuliza.

"Funguo zikae ndani, kwenye sanduku lenye kufuli. Mwenye gari akileta gari, aseme nani atakuja kulichukua, na namba yake iwekwe kwenye simu hapo hapo. Akija mtu, mpigie mwenye gari. Lakini usipige namba anayokupa huyo aliyekuja, maana atakupa ya mwizi mwenzake. Piga ile uliyoiweka mwenyewe."

"Na gari linalolala hapa?" Fundi aliuliza.

"Chomoa waya wa betri. Na uweke geti, ndugu yangu. Hata la miti. Gari likiibwa, toa taarifa polisi mara moja, uwape namba ya gari na rangi yake."

Mama mkwe alikuwa ameuacha mzigo wake. "Sanduku hilo," alisema taratibu, "nani atalilinda Fundi akiwa chini ya gari?"

Wote wakamtazama.

Geti la miti likajengwa wiki ile ile, na sanduku la funguo likakaa kando ya ungo wa mama mkwe. Mzee wa Maziwa akarudishiwa pikapu yake ikiwa na breki mpya, na taa ambazo Fundi alizibadilisha bure. Aling'aka kidogo, kisha akapeana mkono na Fundi.

Siku moja akaja mwanamume mnene kuchukua trekta. Alikuwa ameliacha wakati mama mkwe yuko shambani, kwa hiyo hawakuwa wanafahamiana.

"Trekta ni langu, mama. Nipe ufunguo."

"Inawezekana ni lako, baba. Ngoja nimpigie mwenyewe."

Akabonyeza simu. Kengele ikalia mfukoni mwa yule mwanamume. Akaitoa simu, akaiweka sikioni, wakawa wanatazamana.

"Haloo, mama."

"Haloo. Kuna mtu hapa anasema trekta ni lake. Nimpe?"

Mwanamume akacheka mpaka akashika geti. "Mpe, mama. Huyo namfahamu vizuri."

Mama mkwe akafungua sanduku, akampa ufunguo. Kesho yake mwenye trekta akaleta tela lake pia litengenezwe, na ndugu yake akaja nyuma na lori.