Mbeleko ya Dinah

Jumatatu asubuhi, Dinah alikuwa akisugua meza ya saruji katika chumba cha maiti, Voi, alipohisi maziwa yakimtoka. Akajishika kifua. Gauni lilikuwa kavu.

Akadhani ni uchovu. Lakini adhuhuri, alipomtoa Mkamburi kwenye kikapu barazani amnyonyeshe, mtoto alivuta mara mbili, akaachia, akalia. Titi lilikuwa tupu.

Kufikia Jumatano Mkamburi, binti wa miezi minne, hakuwa tena na nguvu ya kulia. Nehemiah, karani aliyeandika maneno ya daktari wakati maiti zikipasuliwa, alimletea Dinah uji wa wimbi, akamsimamia mpaka akaumaliza.

"Kunywa, Mama Mkamburi. Mtoto anakutegemea."

"Nakunywa, Karani. Maziwa yanakuja, halafu yanaenda."

"Yanaenda wapi?"

Dinah akautazama mlango wa chumba. "Sikiliza."

Nehemiah alicheka kidogo, kisha akasikia. Mle ndani, palipokuwa na meza tupu na ndoo tu, mtoto alikuwa akinyonya, akimeza, akipumua kwa pua kama wanyonyavyo wenye njaa, na kadiri alivyonyonya ndivyo Dinah alivyohisi kifua kikivutwa, mpaka akashika nguzo ya baraza asianguke, na harufu ya dawa ya kusafishia meza ikapenya chini ya mlango pamoja na harufu nyingine, tamu, ya maziwa ya mama.

"Ni jini," Nehemiah akanong'ona. Akachoma ubani, akausukuma mlangoni. Yule wa ndani akapiga chafya ndogo, akaendelea kunyonya.

Alhamisi, kabla jua halijawa kali, Nehemiah alimleta kwa baiskeli Kalondu, mkunga wa Marungu, aliyejua pia mambo ya pepo. Bibi huyo akapapasa utosi wa Mkamburi. Ulikuwa umebonyea.

"Huyu hafiki Jumamosi," akasema. "Nani alilazwa humu siku za karibuni?"

"Mwanamke mmoja, Nyanya," Dinah akajibu. "Ijumaa. Aligongwa na garimoshi upande wa Maungu. Hakuna aliyemjua. Daktari alitazama kichwa tu, akatia sahihi."

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Uliona nini?"

Dinah akainamisha macho. "Karani, geuka kidogo."

"Geuka, mwanangu," Kalondu akasema. "Hata kama ulinyonya, geuka."

Nehemiah akaelekea ukutani.

"Alikuwa akitokwa na maziwa," Dinah akasema. "Niliona aibu kwa ajili yake, wanaume waje wamwone vile. Nikampangusa kabla daktari hajafika, nikamfunika kwa mbeleko yangu. Akazikwa nayo."

Nehemiah akasema, bado ameutazama ukuta: "Mama Mkamburi, daktari angeliona hilo, lingeandikwa. Mtoto angetafutwa."

Dinah akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hakuja kulipiza," Kalondu akasema polepole. "Ulimtendea wema, akajua wewe ni wa kuombwa. Lakini hana kipimo. Atakukamua mpaka wako afe ili wake aishi. Hafukuzwi huyu. Mpelekeeni mtoto wake mtu wa kumchukua."

Nehemiah alikimbia stesheni. Wafanyakazi wa reli wakawapa toroli ya kupita relini, mmoja wao akaiendesha kwa mpini akiwa mbele, na Dinah akaketi juu yake, Mkamburi mapajani, mpaka karibu na Maungu kifua chake kilipovutwa kwa nguvu hata akapiga kelele.

"Hapa!"

Chini ya reli palikuwa na mfereji wa saruji. Nyayo za fisi zilikuwa zimeuzunguka, nyingi, zikafika mdomoni mwake na kurudi nyuma. Ndani alilala mtoto wa kiume wa miezi miwili hivi, mzima, mashavu yamejaa, na maziwa kidevuni hayajakauka. Alikuwa amefungwa kwenye mbeleko yenye kiraka cha bluu alichokishona Dinah mwenyewe. Ilikuwa na udongo mwekundu wa kaburini.

Dinah akaketi kwenye kokoto, akawaweka wote wawili kifuani. Maziwa yakaja. Mkamburi akameza, akameza tena.

"Nimemchukua, dada," Dinah akasema akilia. "Wako ni wangu. Niachie na wangu."

Waliporudi kwa toroli alimbeba mvulana mgongoni kwa mbeleko ile ile. Njiani fundo likalegea. Kabla hajainua mkono, mikono miwili baridi ikalikaza kutoka nyuma, taratibu, kama mama afanyavyo.

Nehemiah alikuwa ameketi mbele yake, kando ya mwendesha toroli, amempakata Mkamburi kwa mikono yote miwili. Nyuma ya Dinah palikuwa na reli tu.