Saba, Kisha Kushoto

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Birita, mpiga picha, Rannvá, binti yake wa miaka minne, Malan, jirani yao, mjane wa majuma sita, na Dánjal, mwana wa Malan, aliyekuwa ametoka baharini juzi yake. Watu wengine wa kijiji walikuwa kiwandani wakipasua samaki. Na kama kulikuwa na mwingine kule mlimani, hilo mtaamua wenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Januari, mwezi ambao kisiwa cha Grávoy hupata mwanga wa kuazima tu. Jua huchungulia, likaona baridi, likarudi kulala. Birita alimpeleka Rannvá kwa Malan kama kila siku. Mume wake alikuwa kwenye meli ya uvuvi, na bila Malan asingejua aanzie wapi.

Malan alikuwa amekaa karibu na jiko anafuma. Mapajani alikuwa na glavu moja ya sufu ya kijivu, tayari, na ya pili ndiyo kwanza inaanza kwenye sindano.

"Mikono yako mwanangu inapasuka kwa hiyo kamera," alisema. "Vaa hii moja. Ya pili utaikuta tayari ukirudi."

Birita aliivaa mkono wa kushoto. Ilikuwa na joto bado la mapaja ya yule mama. Hakuweza kumtazama usoni. Alitazama ukutani, akaona kalenda ya kijiji, ukurasa wa Januari, picha yake mwenyewe: mnara wa mawe uliovikwa barafu, na bahari nyuma yake.

"Hanus angeipenda picha hii," Malan alisema, akimtaja marehemu mumewe. Alisema hivyo kila siku.

Dánjal aliingia na fimbo ya mlima ya baba yake, ile yenye ncha ya chuma. "Haya dada, twende kabla giza halijatukuta. Hiyo kamera yako nzito kuliko kondoo dume wa mzee."

"Nzito ni wewe. Baharini umezoea kutembea hatua kumi na kugeuka."

"Kumi na mbili! Meli yetu ni kubwa."

Rannvá alicheka. Malan naye alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Dánjal hakuyawahi mazishi, meli ilikuwa mbali. Leo alitaka kupanda mpaka zizi la juu awaone kondoo wa baba yake, na Birita apige picha ya njia ile, ikae ukutani kwa mama yake. Njia ya mwisho aliyopita Hanus.

Unamkataliaje mtu jambo kama hilo?

Walipanda. Theluji ilikuwa ngumu kama sahani, haishiki nyayo. Njia ya mlima ule inaoneshwa na minara ya mawe, kila mmoja wa kimo cha kifua, na ukisimama kwenye mmoja unauona unaofuata, kama hali ya hewa ni njema. Ikiwa mbaya, unahesabu. Kila mtoto wa kijiji anafundishwa kabla hajajua kuandika: kutoka zizini, saba, kisha kushoto. Kwenye wa saba, kushoto ndiko linakoanza korongo linaloshuka salama hadi nyumbani. Kabla ya hapo, kushoto hakuna kitu. Kuna poromoko, na chini yake bahari.

Hanus alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakuitazama minara, aliigonga. Kong, kong, kong, mara tatu kila mmoja kwa ncha ya fimbo, anahesabu, anapita. Alifanya hivyo miaka mingi na hakupotea hata siku moja.

"Unadhani aliangukia wapi?" Dánjal aliuliza, bila kugeuka. "Boti ilimkuta chini ya majabali, lakini hakuna anayejua alitokea wapi huku juu. Baba, Birita! Baba kupotea mlima huu ni kama mama kupotea jikoni."

"Sijui," Birita alisema.

Alijua.

Novemba alipanda peke yake kutafuta picha ya kalenda. Mwanga ulikuwa mzuri, bahari nzuri, ila mbele ya picha palikuwa patupu. Picha ilihitaji kitu cha kusimama pale. Basi kati ya mnara wa tatu na wa nne alikusanya mawe ishirini na matatu, akajenga mnara wake, akaumwagia maji ya chupa yakaganda. Alikuwa aubomoe palepale. Lakini simu ililia. Malan: mtoto ana homa, anatetemeka, njoo. Birita alishuka mbio akiangukaanguka. Alipofika akamkuta Hanus ameshambeba Rannvá mpaka gatini kwenye boti ya daktari, amemfunika kwa koti lake, yeye mwenyewe amebaki na shati kwenye upepo ule.

Mtoto alipona. Mnara ulibaki. Birita aliukumbuka, akasema kesho, akasema Jumapili.

Majuma matatu baadaye ukashuka ukungu, na Hanus alikuwa zizini juu.

Alihesabu saba. Akageuka kushoto.

Baada ya mazishi Birita alipanda tena, akaubomoa mnara ule kwa mikono yake, na kila jiwe akalitupa baharini, moja moja, yote ishirini na matatu. Hakumwambia mtu.

Sasa alipofika mahali pale aliangalia kwa jicho la pembeni. Theluji tupu. Alishusha pumzi.

Zizini Dánjal aliwahesabu kondoo, akakaa na mgongo kwenye ukuta, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono. Birita alimpa kahawa ya chupa na kipande cha nyama kavu. Kisha alisimamisha stendi ya kamera na kupiga njia ilivyoshuka. Saa saba unusu mchana. Minara saba, midogo, myeusi juu ya weupe. Aliikuza picha kwenye kioo cha kamera akaihesabu mara mbili.

Saba.

Ukungu ulikuja wakati anafunga mkoba. Haukuja kwa haraka. Ulikuja kama mtu mwenye uhakika.

"Twende," Dánjal alisema. "Mimi nahesabu, wewe shika mkoba wangu."

Kong, kong, kong. "Mmoja."

Mbele, ndani ya ukungu, kukajibu... kong, kong, kong.

"Nini hiyo?"

"Mwangwi," Dánjal alisema.

Walitembea. Kong, kong, kong. "Miwili." Na mbele, taratibu, kong, kong, kong. "Mitatu." Kong, kong, kong. Birita alianza kujiambia kwamba ni mwangwi kweli, kwamba majabali hurudisha sauti, kila mtu anajua.

Kisha kong, kong, kong... na Dánjal alikuwa hajainua fimbo.

Alisimama. Kitu cheusi kilijitokeza mbele yao, kimo cha kifua.

"Minne," Dánjal alisema, akakigonga, akapita.

Ilikuwa mapema mno. Birita aliijua njia ile kwa miguu. Aliutoa mfukoni mkono wa kulia, usio na glavu, akaugusa ule mnara. Mawe yalikuwa yameloa. Hayakuwa na barafu wala theluji, yalikuwa yanachuruzika maji. Vidole vyake vilishika kitu laini, chenye utelezi, na juu ya jiwe palikuwa na vikombe vidogo vigumu, wale chaza wadogo wanaong'ang'ania miamba.

Harufu ikapanda. Mwani. Kina cha bahari. Huku, juu kabisa ya mlima.

Aliweka kidole ulimini.

Chumvi.

"Birita! Usiachie mkoba!"

Alikimbilia mgongo wa Dánjal, akaushika mkoba. Sema, alijiambia. Sema sasa. Lakini aseme nini? Kwamba mnara ule haupo? Amejuaje? Na akishasema hilo, lazima aseme lote, na akisema lote, kesho asubuhi atampeleka nani mtoto, na ataingia kwa mlango gani jikoni mwa yule mama?

Kong, kong, kong. "Mitano."

Labda Dánjal mwenyewe ataona. Labda ukungu utapasuka.

Kong, kong, kong. "Sita." Harufu nyingine sasa, sufu mbichi na ugoro. Hanus alikuwa akinusa ugoro.

Walitembea. Wakafika.

"Saba," alisema Dánjal, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefika nyumbani. "Kisha kushoto."

Na kushoto kukajibu. Karibu kabisa. Kama hatua nne tu.

Kong... kong... kong.

Fimbo ya Hanus alikuwa nayo Dánjal mkononi.

"Baba?" alinong'ona. Akainua mguu.

Birita aliuvuta ule mkoba kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili chali. "Usiende! Huu ni wa sita!"

"Nimehesabu mwenyewe! Umechanganyikiwa?"

"Wa nne si wa kweli! Niliujenga mimi, Dánjal. Mimi. Kwa ajili ya picha. Ile ya kwenye kalenda. Nikausahau. Baba yako alihesabu saba kama wewe, na hapa ndipo alipogeukia. Nilikudanganya. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Dánjal alimtazama, na Birita alitamani ukungu uwe mzito zaidi asiuone uso ule. Kisha alitambaa kwa magoti kuelekea kushoto, akasukuma fimbo mbele yake. Ncha ilitoboa theluji. Kipande kikubwa kama meza kilimeguka, kikaenda.

Walingoja. Walingoja muda mrefu kabla ya kusikia bahari ikikipokea.

Kisha mbele, moja kwa moja, pale wa saba ulipopaswa kuwa, kulisikika tena, polepole, kama mzee anayewangoja watoto waliochelewa.

Kong, kong, kong.

Waliifuata sauti ile. Wakaufikia mnara, wakageuka kushoto, na chini ya miguu yao kukawa na korongo.

Birita alijiuliza njia nzima, na anajiuliza mpaka leo. Pale kwenye wa sita, Hanus alikuwa anamwita mwanawe, au alikuwa anamngoja yeye aseme?

Mlangoni kwa Malan taa ilikuwa imewashwa dirishani. Dánjal alisimama. "Mwambie mwenyewe," alisema. Hakumwita dada. Akaenda nyuma, kwenye banda la kukaushia nyama, akabaki huko.

Rannvá alikuwa amelala kwenye kochi, amefunikwa koti. Koti lilelile la Hanus. Malan alikuwa ameshamimina kahawa vikombe vitatu na kuweka sinia la maandazi yenye jamu, na kwenye sahani ya Birita ameweka lile kubwa.

Birita alisema, amesimama, hajavua hata viatu. Alisema lote: mawe, simu, kesho, Jumapili, bahari. Malan alisikiliza, sindano mkononi. Hakulia. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Mawe mangapi?" aliuliza mwishoni.

"Ishirini na matatu, mama."

"Ungemwambia tu." Sauti yake ilikuwa ya upole uleule wa siku zote. "Angekwenda kuubomoa mwenyewe usiku huohuo. Na asingemwambia mtu."

Halafu akaziweka sindano na kile kipande cha glavu kwenye kikapu, akakifunika. "Kunywa kahawa, itapoa."

Kesho yake wanaume walipanda mlimani, hali ya hewa ikiwa safi. Walikuta minara saba. Kati ya wa tatu na wa nne hapakuwa na jiwe, ila theluji ya mahali pale ilikuwa imeyeyuka, duara dogo, na majani chini yake yalikuwa yameungua kama yanavyoungua kwa maji ya chumvi. Mmoja wao alisema kondoo alikojoa hapo. Hakuna aliyecheka. Na kwenye ncha ya fimbo ya Hanus, iliyokuwa imeegemezwa jikoni, Malan alikuta utepe wa mwani, wa kijani, mbichi.

Dánjal alirudi baharini mwezi Machi. Malan alimlea Rannvá kila siku, kwa upendo uleule, mpaka mtoto alipoanza shule. Glavu ya pili hakuimaliza.