Siku Zote Ni Bosi

Redio ilikoroma saa sita kasoro robo mchana.

"Nyundo! Kunguru kafungwa?"

"Kafungwa, Mkuu. Hafurukuti."

"Nakuja kummaliza mwenyewe. Dakika ishirini."

Kunguru, jasusi mstaafu aliyewahi kutoroka magereza matatu, alikuwa amefungwa pingu kwenye bomba la chumba cha jenereta. Dirisha hakuna. Mlango mmoja wa chuma. Mbele ya mlango, Nyundo: kilo mia na ishirini, AK-47 magotini, riwaya mkononi.

Naam, riwaya. Jaladani, jasusi mstaafu anayewindwa aliruka kutoka kwenye helikopta, bila sababu ya msingi.

"Umefika wapi?" Kunguru aliuliza.

"Nyamaza, mzee. Ukurasa wa sabini. Wenzake wanamsaka."

"Kwenye tisini utakuta msaliti ni bosi."

"Umeisoma?"

"Sijawahi hata kuiona."

Nyundo alirukia mbele ili amuumbue. Akasoma huku midomo ikicheza. Akaguna.

"Ni bosi."

"Siku zote ni bosi, ndugu yangu. Na mlinzi wake?"

Ukurasa ukafunuliwa. Uso wa Nyundo ukasawijika. "Kapigwa risasi. Asije akasema."

"Mkuu ana majina ya majasusi wetu themanini. Leo anawauzia wageni. Nilijua, ndiyo maana niko hapa. Na wewe sasa umejua. Samahani, nimekumalizia uhondo."

"Muongo!"

Redio ikakoroma tena. "Nyundo, nikifika nikukute umekaa. Mgongo mlangoni."

"Kwa nini mgongo, Mkuu?"

"Siku hizi unauliza maswali?"

Kunguru alihesabu mapigo ya moyo wake, maana hakuwa na silaha nyingine.

Nyundo akatoa ufunguo wa pingu.

Mkuu aliingia na bastola yenye kizuia sauti. Alikuta mgongo mpana wa Nyundo juu ya kreti.

Akaulenga huo.

Spana ya Kunguru ikatua kisogoni mwa Mkuu kutoka nyuma ya mlango. Akaanguka kama gunia. Kunguru akatoa flashi mfukoni mwa koti la Mkuu: majina themanini, yote salama. Pingu zikapata mgeni mpya.

"Sasa mimi nifanyeje, mzee?"

"Waite wanajeshi kwa redio, umlinde mpaka wafike. Waambie ulichosikia."

"Na wewe?"

"Mimi nimestaafu."

Akatoka taratibu, kifua mbele, bila kugeuka nyuma. Shingo ilikuwa imekaza kwa kukaa bombani tangu alfajiri. Hata angetaka kugeuka, asingeweza.