Viatu Viwili vya Kushoto

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima wakati Engràcia alipotoka karakana ya viatu, kapu la soli za kamba likiwa kiunoni. Jozi kumi na mbili, za kushonea nyumbani. Wiki iliyofuata ilikuwa sikukuu ya kijiji, na kila msichana alitaka espardenya mpya, viatu vyepesi vya turubai jeupe na soli ya kamba, zenye tepe ndefu za kufunga kwenye vifundo vya miguu, za kuchezea ngoma ya duara uwanjani.

Darajani akasikia hatua nyuma yake.

Ta... kwaruu. Ta... kwaruu.

Mguu mmoja unakanyaga. Mwingine unaburuzwa.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya katani iliyolowa na kuanza kuoza.

Bombani alimkuta jirani yake, Roser, akijaza ndoo.

"We shoga, mbona umebadilika hivyo? Umemwona mume wangu anafua?"

"Roser... Mena amerudi."

Roser akaacha kucheka. Mena alikuwa mdogo wake Engràcia. Homa ilimchukua miezi mitatu iliyopita, na wao wawili ndio waliomvika kabla ya jeneza kufungwa.

"Anaburuza mguu wa kulia," Engràcia alisema.

"Mena hakuwa kiguru."

Engràcia akayatazama maji. "Nilibaki na kiatu chake kimoja."

Espardenya mpya haina kulia wala kushoto. Zote mbili hutoka mikononi mwa mshonaji zikiwa sawasawa. Mguu ndio unaozipa upande. Zikivaliwa kiangazi kimoja tu, hazibadilishani miguu tena. Siku ya maziko Engràcia alikificha kiatu cha kulia, kile Mena alichochezea ngoma mara ya mwisho, akachomoa kingine cha zamani kabatini kuziba pengo. Kwa ile haraka hakukiangalia vizuri.

Kilikuwa cha kushoto.

"Yaani umemzika mtoto wa watu na viatu viwili vya kushoto?" Roser alinong'ona. "Mpe chake, mwenzangu. Mpe aende zake akapumzike."

"Na mimi nibaki na nani?"

Roser akafunga bomba. Akabeba ndoo yake. Kwake watoto watano walikuwa wakigombea mkate, na kelele zao zilifika hadi bombani.

Nyumbani kwa Engràcia kulikuwa na viti viwili vya kushonea vilivyotazamana. Alikaa kwenye chake, akashika msharasi, sindano nene ya kushonea soli.

Ta... kwaruu.

Hatua zikasimama mlangoni.

"Dada..."

Miezi mitatu hakuna aliyemwita hivyo.

"Dada... kiatu."

Engràcia akashona kipya. Akakitia tepe, akakipitisha kwenye tundu la paka chini ya mlango. Kisha kikarudishwa, kimelowa chapachapa.

"Hiki hakinijui."

Kile chenyewe kilikuwa kabatini. Hatua nne tu. Engràcia alisimama, akaenda hadi kwenye kabati, akaweka mkono kwenye kitasa.

Akarudi. Akasogeza kiti chake karibu na mlango, akaanza kumsimulia habari za kijiji. Nani anaoa. Nani kanenepa. Nje kitu kilikuwa kinasikiliza. Alikisikia kikipumua polepole.

"Njoo kesho," alinong'ona mwishowe. "Kesho nitakupa."

Usiku ule alilala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Jioni ya pili miguu yote miwili iliburuzwa.

"Kesho, Mena."

Jioni ya tatu hapakuwa na hatua.

Viganja... magoti. Viganja... magoti. Juu ya mawe, kutoka makaburini, kupita nyumba ya Roser, ambako dirisha lilifungwa kwa kishindo na watoto wakanyamaza ghafla.

Vidole vikapenya kwenye tundu la paka. Kucha zilikuwa zimejaa udongo.

"Dada... nimechoka."

Engràcia alilia. Alipiga magoti, akavishika vile vidole vya baridi, akavipasha joto kati ya viganja vyake, kama alivyokuwa akifanya wakati wa theluji Mena alipokuwa mdogo.

"Najua, mdogo wangu," alisema. "Najua. Kesho."