Aliyerudi na Mvua ya Mahongole

Sakafu ilikuwa imelowa karibu na kitanda cha mtoto wake, Yunisi, ingawa mvua ya usiku ilikuwa imekoma na tangu asubuhi jua lilikuwa kali. Hulda alitazama paa la nyasi. Halikuwa na tundu. Akayafuta maji kwa kitambaa, asimwambie mtu.

Ilikuwa Desemba, mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla. Wiki mbili nyuma mumewe, Anania, alipigwa radi akirudisha ng'ombe kutoka tambarare ya Mahongole. Wazee walimzika palepale alipoanguka.

Kesho yake baada ya kuyafuta yale maji, wingu lilipoanza kujikusanya upande wa Usangu, harufu ya nywele zilizoungua iliingia chumbani. Halafu zikaja nyayo za maji, moja baada ya nyingine, bila mtu, kutoka mlangoni hadi kitandani, zikakomea hapo, na mtoto, mwenye miaka mitano tu na asiye na homa yoyote, akaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana, huku ngurumo zikisogea na blanketi likilowa taratibu kana kwamba mtu amejilaza kando yake.

"Baba anasikia baridi," Yunisi alinong'ona.

Siku ya nne mtoto hakuweza tena kula. Hulda akamwita Zipora, bibi aliyejua dawa za radi. Zipora akamweleza kwamba Anania hajui kama amekufa. Kila mvua ikija anakimbilia nyumbani kama zamani, na baridi aliyo nayo itamwua mtoto. Alifukiza dawa mlangoni ili imzuie nje, lakini kumwambia ukweli, alisema, ni kazi ya mke.

Alasiri ile mvua ilishuka kwa kishindo. Chini ya upenu sauti ikasalimu kwa Kibena, polepole, kama ya mtu aliyechoka.

"Kamwene, mama Yunisi. Nifungulie, nimelowa."

Hulda alilishika komeo kwa mikono miwili.

"Ulikufa, Anania. Radi ilikupiga. Usiingie tena, unamwua mwanao."

Sauti ilisogea karibu na mlango.

"Ng'ombe walifika?"

"Walifika wote."

Hatua zikasikika zikiondoka kwenye matope, kuelekea tambarare. Ndani, Yunisi akaacha kutetemeka, akaomba uji. Zipora ndiye aliyeukoroga. Hulda alibaki ameegemea mlango, akisikiliza mvua ikimnyeshea mumewe.